Stika Kwenye Paji la Uso la Bi Mikoba

Wapo walionisimamisha njiani wiki nzima wakiniuliza kama Bi Mikoba amekamatwa. Niliwajibu kwamba hadithi hainunuliwi kwa kipande. Sasa vuteni viti.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: asubuhi ile soko lilifungwa. Wakaguzi wa bidhaa waliwatoa wafanyabiashara wote nje, wakafunga kila kibanda, wakabandika stika nyekundu ya serikali iliyoandikwa IMEFUNGWA kwenye kila mlango, kwa kosa la kuuza vitu bandia. Bi Mikoba, mjane anayeshona na kuuza mikoba ya kike, hakukubali kuondoka bila cherehani yake. Mchana kweupe akazunguka nyuma, akapenya kwenye ubao uliolegea, akajikuta ndani ya kibanda chake.

Ndipo akasikia viatu. Mara stika iliyokuwa imebandikwa mlangoni ikadondoka yenyewe, ikateleza chini ya mlango mpaka miguuni pake. Kitasa kikazunguka.

Hapo ndipo tulipomwacha. Na mlango sasa unafunguka.

Bi Mikoba hakuwa na pa kujificha. Kibanda chenyewe ni kile ambacho ukipiga chafya unajirushia mwenyewe. Lakini ukutani palisimama masanamu mawili ya dukani, wanawake wa plastiki waliovalishwa mikoba mabegani. Bi Mikoba akajipachika katikati yao. Akajitundika mikoba mikono yote miwili, akashika kiuno, akainua kidevu, akakodoa macho darini, akabana pumzi.

Aliyeingia alikuwa mkaguzi mkuu mwenyewe, mtu mrefu wa suti ya kijivu ambaye tangu asubuhi sokoni walishampa jina la Bwana Stika. Nyuma yake alifuata tarishi wa ofisi, mtu mzima mwenye usingizi usiokwisha, amekumbatia bunda la stika kama mtoto mchanga.

Bwana Stika alitaka kujua kwa nini stika imedondoka. Tarishi akasema labda ni upepo. Bwana Stika akamwambia hakuna upepo. Tarishi akafikiri, akasema labda ulikuwepo ukaondoka.

Mkaguzi hakubishana naye. Alianza kupekua mikoba, akisoma lebo moja moja kwa sauti. Mmoja ulidai umetengenezwa Ulaya, ila aliyeandika alikuwa na haraka, kwa hiyo ulisomeka umetengenezwa Ulala. Bwana Stika akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyekuta kaburi limefukuliwa.

Kisha akafika kwenye masanamu. Aligonga la kwanza kichwani: ko. Aligonga la mwisho: ko. Akamgonga Bi Mikoba kwenye bega, pakawa kimya.

Alisogea karibu, akamchunguza. Alimwambia tarishi kwamba hili ni la mpira, tena mpira wa kiwango cha chini. Akaongeza kuwa waliolitengeneza hawakujali hata kidogo kufanana na binadamu, maana hakuna binadamu mwenye pua kama ile.

Sasa elewa, msomaji. Pua ile ndiyo aliyoisifia marehemu mumewe mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake. Bi Mikoba alikaribia kumjibu. Alimeza jibu lenyewe kama kidonge kisicho na maji.

"Hata masanamu yao ni bandia," Bwana Stika alisema. "Bandika."

Tarishi akabandua stika moja, akaibandika katikati ya paji la uso la Bi Mikoba, akaisugua kwa kidole gumba ili ishike. Macho yao yakakutana. Bi Mikoba akapepesa. Tarishi akasita. Bi Mikoba akapepesa tena.

Tarishi alirudi nyuma hatua moja, akamweleza mkubwa wake kwa utulivu kwamba sanamu hili linatumia betri.

Bwana Stika alifurahi sana. Alisema basi hiki si kidhibiti cha kawaida cha ushahidi, ni kifaa cha umeme, nacho ndicho kitakachowasilishwa kesho mbele ya kikao cha kuamua kesi ya soko. Akaamuru wakatafute mkokoteni wa kukibebea. Wakatoka wote wawili, maana tarishi hakutaka kubaki peke yake na kitu kile.

Waliporudi na mkokoteni walikuta masanamu mawili. Cherehani nayo haikuwepo.

Bi Mikoba alikuwa tayari uchochoroni, kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kanga, anatembea kama mtu aendaye kliniki. Kila aliyepishana naye alimkodolea macho. Yeye alidhani wanamhurumia kwa ajili ya soko. Mwanamke mmoja alimwuliza kwa upole nani amemfungia. Hakuelewa swali, akaitikia salamu, akapita.

Alikuwa anakwenda kwa Fundi Mihuri, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa ng'ambo ya ukuta wa soko, kwa hiyo wakaguzi hawakukigusa. Kazi yake ni kuchonga mihuri ya mpira, kuchapa kadi za harusi na kutengeneza stika za chupa za asali. Ni mkapera wa makamo, mikono yake ina wino mpaka kwenye viwiko, na alikuwa na neno moja la kumwambia Bi Mikoba ambalo limemkwama kooni miaka nenda miaka rudi. Kila akilianza, linaishia kwenye habari za bei ya wino. Shangazi yake Bi Mikoba alishasema kwamba kobe angekuwa ameshaleta posa, akanywa chai, akarudi kwao.

Bi Mikoba aliingia, akaweka cherehani mezani, akageuka. Fundi Mihuri akamtazama paji la uso. Badala ya kushtuka, uso wake ukachanua.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema.

Halafu tabasamu likamtoka taratibu, kama maji kwenye karai lililotoboka. Alikuwa amelisikia neno alilolisema.

Bi Mikoba akajipapasa kwenye paji, akaigundua stika, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alimtaka amweleze. Fundi akamweleza kwamba wiki chache nyuma alijiwa na mtu mmoja mwenye usingizi mwingi, amebeba stika moja ya mfano, akataka achapiwe nyingine nyingi zinazofanana nayo. Hakuuliza ni za nini. Mteja ni mteja.

"Hukusoma kilichoandikwa?" Bi Mikoba aliuliza.

"Bi Mikoba, mimi maandishi nayasoma kinyume, yakiwa kwenye mpira. Yakishanyooka yananichanganya."

Ilimchukua Bi Mikoba muda kidogo kulipanga jambo hilo kichwani. Lilipokaa sawa, alisimama. Soko lao limefungwa kwa kosa la kuuza bandia, na stika zilizolifunga ni bandia, zimechapwa nyuma ya ukuta wa soko hilohilo. Kama stika ni bandia, basi hata kufungwa kwenyewe ni bandia. Kesho kwenye kikao atasimama, atasema, na soko litafunguliwa kabla ya adhuhuri.

Alikuwa amefika mlangoni alipogundua kwamba Fundi hafurahi. Fundi alimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba anayechapa stika za serikali bila ruhusa ya serikali haendi nyumbani kula.

Furaha ikamwisha Bi Mikoba palepale.

Fundi alichota maji ya uvuguvugu, akalowesha kitambaa, akaanza kumbandua stika. Haikutaka kutoka. Alimwomba radhi, akamweleza kwamba gundi ameichanganya mwenyewe, ni ya kubandikia soli za viatu, kwenye mbao zenye vumbi haishiki ila kwenye ngozi hairudi nyuma. Alilisema hilo kwa fahari kidogo, hakuweza kujizuia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumgusa mwanamke yule usoni, na ilibidi iwe kwa kumtoa mali ya serikali.

Stika ilitoka nzima. Iliacha alama nyekundu ya mstatili. Bi Mikoba akaikunja, akaitia mfukoni, akamwambia Fundi asiende kokote wala asiseme lolote.

Jioni wafanyabiashara walikusanyika uani kwa Shangazi, kwa kuwa ndio ua pekee uliowatosha. Mwenyekiti wa soko, ambaye yeye huuza chaja za simu, alisimama juu ya ndoo iliyogeuzwa akawapa habari. Kikao ni kesho asubuhi katika ukumbi wa ofisi za serikali. Ataketi hakimu mstaafu, mama asiyecheka. Wakishindwa, soko litavunjwa na pale patafanywa maegesho ya magari.

Muuza soksi alikuwa na watoto wawili shuleni na mwingine mgongoni. Wengine walianza kuulizana nani ana ndugu mahali penye soko lingine. Mzee muuza miwani ya jua alilia bila kuvua miwani. Mwenyekiti akasema anayejua jambo lolote la kuwaokoa aseme sasa, na akasubiri.

Bi Mikoba alisugua alama kwenye paji lake la uso. Hakusema.

Shangazi alimwona. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa msichana na ndiye ambaye Bi Mikoba alihamia kwake alipofiwa na mumewe. Ni mama mfupi wa sauti ndefu, anayeamini kwamba mambo yote duniani yanakwenda vibaya kwa sababu hakuulizwa. Watu walipotawanyika alimsukumia jikoni, akafunga mlango kwa mgongo wake, akamwambia aseme. Bi Mikoba akasema yote.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, soko ni riziki ya watu wengi," alisema. "Fundi ni mtu mmoja. Tena hajaposa."

"Shangazi, huyo mmoja ndiye."

Shangazi alimtazama. Akaenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Hakimu aliketi mbele na miwani yake puani. Mbele yake palikuwa na meza ndefu ya vidhibiti: viatu, saa, manukato, masanduku ya safari, chaja. Bwana Stika alisimama, suti imenyooshwa, akaanza kwa kuomba radhi. Alisema kidhibiti chake kikuu, mwanamke wa mpira anayetumia betri, kimeibwa.

Mama Hakimu aliuliza kama kitu hicho kina uwezo wa kutembea.

Bwana Stika akasema hapana, na katika kusema hapana akageuza macho, yakamwangukia Bi Mikoba safu ya pili, mwenye mstatili mwekundu kwenye paji. Bi Mikoba akainua kidevu akatazama dari. Bwana Stika akafungua mdomo, akaufunga, akavua miwani akaifuta, akamwambia Mama Hakimu kwamba angependa kuendelea na kidhibiti kingine.

Alichukua chaja moja kutoka mezani. Alisema yeye si mtu wa maneno, ataonyesha kwa vitendo. Akaichomeka ukutani.

Ikalia pa. Moshi ukatoka, feni zikasimama, taa zikazimika, na tarishi akaamka.

Ukumbi ulicheka, lakini haukucheka muda mrefu. Mama Hakimu hakucheka kabisa. Aliuliza kama yupo aliyewahi kuumizwa na kitu kama kile. Kisha akasimama muuza soksi, mtoto mgongoni, akasema bila kumtazama yeyote kwamba alinunua chaja ya namna ile kwa jirani yake wa sokoni, ikaunguza godoro ambalo watoto wake hulalia. Bahati tu walikuwa wameamka. Hakusema mapema kwa sababu jirani ni jirani.

Mwenyekiti wa soko akatazama viatu vyake. Watu wote wakatazama viatu vyake.

Kikao kikahamia barazani, kwenye hewa. Huko mambo yalikwenda haraka. Bwana Stika sasa alikuwa na upepo nyuma yake, akazungumza vizuri, na ukweli ni kwamba mengi aliyoyasema hayakuwa na jibu. Wafanyabiashara walikaa vichwa chini. Mama Hakimu alifungua kalamu. Aliuliza, kwa ajili ya utaratibu tu, kama kuna mfanyabiashara mwenye neno kabla hajaamua.

Bi Mikoba akasimama.

Stika ilikuwa mfukoni, mkono ukiwa juu yake. Mbele yake muuza soksi alikuwa anambembeleza mtoto. Aligeuka nyuma. Fundi Mihuri alikuwa amesimama mwisho kabisa karibu na nguzo, amevaa shati safi, mikono ya wino ameificha nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikuwa anamtazama, na wala hakutikisa kichwa kumzuia.

Mama Hakimu akamwuliza anataka kusema nini.

Bi Mikoba akasema alitaka kunyoosha mguu, umekufa ganzi. Akaketi.

Mnung'uniko ulipita barazani. Shangazi, pembeni yake, alishusha pumzi ndefu iliyopeperusha kanga ya mwanamke wa mbele. Kalamu ya Mama Hakimu ikagusa karatasi.

"Mheshimiwa, stika hizo nimezitengeneza mimi," ikasema sauti kutoka kwenye nguzo.

Msomaji, mtu huyo alikuwa ameshindwa miaka mingi kusema sentensi moja mbele ya mwanamke mmoja. Sasa alisema nyingine mbele ya baraza zima, na miguu ikamleta mbele.

Bwana Stika alicheka kwa heshima. Alieleza kwamba stika zake zimetoka makao makuu, alimtuma mtu akazichukue kwa mkono, na kwamba huyu bwana bila shaka ni jamaa wa wafanyabiashara na jua limempiga. Fundi hakujibizana naye. Alitoa mfukoni kipande cha mpira kilichochongwa na kibweta cha wino mwekundu. Aliomba karatasi. Akagandamiza, akainua, akamsogezea Mama Hakimu. Kisha Bi Mikoba, kwa kuwa hapakuwa na cha kulinda tena, akaitoa stika yake, akailaza kando.

Mama Hakimu aliangalia moja, akaangalia nyingine, akavua miwani akaangalia zote mbili. Aliuliza ni ipi imetoka makao makuu. Fundi akamjibu hakuna.

Bwana Stika akamgeukia tarishi wake polepole.

Tarishi hakuwa mtu wa kusema uongo. Uongo unachosha.

"Mkubwa," alisema, "makao makuu ni mbali."

Halafu, kwa kuwa alishaanza na alitaka kumaliza apumzike, aliongeza kwamba hata kile kitambulisho cha mkubwa, alichotumwa kwenda kukigonga mhuri mpya makao makuu mwaka jana, alikigongesha kwa Fundi huyuhuyu. Bwana Stika alikitoa kifuani, akakisoma. Fundi naye alinyoosha shingo, akakitambua, akaona ni vizuri kutazama pembeni. Mkaguzi alihitaji kukaa. Alikaa juu ya sanduku la safari lililokuwa miongoni mwa vidhibiti, nalo likafanya lile ambalo masanduku ya namna ile hufanya.

Walimwinua. Alikuwa na vumbi na uso wa mtu aliyeamka kwenye nyumba isiyo yake. Nasema kweli, nilimhurumia. Alikuwa mtu mwaminifu katika ofisi ambayo hakuna kitu kingine kilichokuwa cha kweli.

Mama Hakimu alitoa uamuzi wake amesimama. Soko lililofungwa kwa stika bandia halijafungwa, kwa hiyo milango ifunguliwe leo. Chaja na kila kitu kinachoweza kuunguza au kudhuru mtu kiharibiwe mbele ya macho ya watu, na mwenyekiti wa soko anunue godoro jipya, zuri, siyo la sokoni kwake. Bidhaa nyingine zinaweza kuuzwa, lakini ziambiwe zilivyo. Kila mkoba, kila kiatu, kila saa ivae lebo inayosema wazi: SI HALISI.

Kisha akamgeukia Fundi Mihuri.

Alimwambia kosa lake ni kosa. Ametengeneza kitu bandia cha serikali, tena kizuri kuliko cha serikali, na hilo la pili ndilo linalowaudhi wakubwa. Adhabu yake ni kuchapa lebo za soko zima bila kulipwa, na mkono wake usiguse tena mhuri wa serikali hadi anaingia kaburini. Kama asingejitokeza mwenyewe, alisema, angelala kwingine. Na kwa kuwa jambo hilo linamshangaza, angependa kujua kwa nini amejitokeza ilhali hakuna aliyekuwa akimshuku.

Fundi alijikuna kiwiko cha wino.

"Kwa sababu Bi Mikoba alikaa chini," alisema.

Hakuna aliyelielewa jibu hilo isipokuwa watu watatu. Mmoja wao alikuwa Shangazi, na aliangua kilio.

Soko lilifunguliwa mchana uleule. Asubuhi iliyofuata lebo za kwanza zikafika, na wafanyabiashara wakazifunga kwenye bidhaa wakijiandaa kufa njaa. Hawakufa. Wateja walikuja kwa wingi kuliko zamani, maana kumbe watu walikuwa wakijua siku zote, walichochoka nacho ni kudanganywa. Mwanamke mmoja alichagua mkoba, akagundua hauna lebo, akaurudisha, akataka wenye SI HALISI kama wa jirani yake. Bi Mikoba alishona mpaka sindano ikapata moto.

Katikati ya pilikapilika hizo Fundi Mihuri akaja na bunda jingine la lebo. Aliliweka mezani. Akakohoa. Akasema wino mwekundu umeadimika siku hizi.

Bi Mikoba akasema amesikia.

Fundi akasema bei nayo. Kisha akatazama mikono yake, akaipeleka nyuma, akairudisha mbele. Muuza soksi aliyekuwa akibishania bei na mteja aliacha kubishana. Mzee wa miwani ya jua alivua miwani. Shangazi, aliyekuwa amekaa juu ya kigoda akila karanga, alisimama, karanga zikamwagika.

"Bi Mikoba," Fundi alisema, "nataka kukuoa, kama hutajali wino."

Ameshasema. Limetoka, msomaji, na halikuishia kwenye bei. Bi Mikoba aliweka mkasi chini. Uso wake ulikuwa umekwishajibu, ilibaki mdomo tu. Aliufungua.

"Simama hapo hapo," ikasema sauti nyingine kutoka nyuma ya watu.

Umati uligawanyika. Akaja mwanamume wa suti ya bluu inayong'aa, viatu vimechongoka, mkononi maua ya plastiki. Akapita katikati ya watu kwa mwendo wa aliyezoea kutazamwa, akasimama mbele ya meza, akaweka mkono kifuani. Akatangaza kwa sauti ya jukwaani kwamba mwanamke huyu ni mchumba wake, kwamba wamependana siku nyingi kwa siri, na kwamba hatakubali Bi Vikapu wake achukuliwe na mtu mwingine.

"Mikoba," mtu mmoja alimsahihisha.

"Mikoba," alikubali.

Bi Mikoba hakuwahi kumwona mtu huyo maishani mwake.

Alisema hivyo. Alisema mara mbili, akimtazama Fundi. Lakini Fundi alikuwa ameshaanza kukusanya lebo zake moja moja, taratibu, na hakuinua macho.

Bi Mikoba akamtafuta Shangazi. Shangazi alikuwa amejifunika kanga uso mzima.

"Shangazi."

Kanga haikusema kitu.

"Shangazi, huyu ni nani?"

"Anaigiza kwenye harusi za watu," ilijibu kanga hatimaye. "Nilimkodi amtie Fundi wivu, aharakishe. Nilimwambia aje Jumapili."

Kicheko kilianza upande wa soksi kikaelekea kwenye viatu. Fundi aliacha kukusanya lebo. Shangazi akajifunua, akampungia yule bwana mkono, akamwambia kazi imekwisha, mwenyewe ameshaposa, achukue malipo yake aende zake salama.

Yule bwana hakuondoka. Wakati wote huo alikuwa akimwangalia Bi Mikoba, kwa mara ya kwanza kwa karibu, na mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka kifuani. Alipozungumza, ile sauti ya jukwaani haikuwepo tena.

"Mama, malipo yako baki nayo," alimwambia Shangazi. "Sasa naposa kweli. Sijapata kuona pua kama hiyo."